Afya: Kipimo cha uimara wa mifupa hakiumi, lakini jua nani anakihitaji kabla ya kuuza mbuzi

Hadithi hii inajulikana katika familia nyingi za miji yetu. Mama wa miaka sitini na kitu anatoka chooni alfajiri. Mvua ilinyesha usiku, uwanja umejaa tope, anateleza. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na pikipiki. Ameanguka kutoka kwenye urefu wake mwenyewe tu, akatanguliza mkono, na mkono umevunjika karibu na kiganja. Anapelekwa kwa fundi wa mifupa wa mtaani, anafungwa vijiti na kamba. Baada ya wiki sita mkono umepona, ingawa umepinda kidogo. Majirani wanasema: "Pole mama, ni uzee." Wengine wanaanza kumtafuta mtu aliyemroga.

Miaka michache inapita. Mama huyohuyo anaanguka tena, mara hii nyumbani kati ya kitanda na mlango, na nyonga inavunjika. Tangu siku hiyo harudi tena sokoni.

Kati ya anguko la kwanza na la pili kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kwa nini mfupa wa mtu mzima uvunjike kwa anguko dogo namna hiyo? Kipo kipimo kinachosaidia kulijibu. Kwenye karatasi ya muganga huandikwa DMO, au DEXA, au DXA. Wengi wanaopewa karatasi hiyo wanaogopa. Wanafikiri watachomwa sindano kwenye mfupa, au wataingizwa ndani ya bomba lenye kelele. Wengine wanaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza ili wapate pesa za safari. Yafuatayo ni mambo ya kujua kabla ya kuogopa na kabla ya kuuza.

Nguzo iliyoliwa na mchwa

Mfupa si jiwe. Kila siku mwili unabomoa sehemu ndogo ya mfupa wa zamani na kujenga mpya. Katika ujana kazi ya kujenga inaishinda ile ya kubomoa, na karibu na umri wa miaka 30 mifupa inafikia nguvu yake ya juu kabisa. Baadaye mizani inaanza kugeuka polepole. Kwa wanawake inageuka kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa inapungua sana.

Ubomoaji ukizidi, mfupa unapata ugonjwa unaoitwa osteoporozi. Kwa nje umbo lake linabaki lilelile, ila ndani umejaa matundu. Ni kama nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa: rangi ni ileile, na unajua tu siku unapoiegemea. Ugonjwa huu wenyewe hauumi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mfupa kuvunjika, hasa karibu na kiganja, kwenye pingili za mgongo au kwenye nyonga.

Picha ya kawaida ya radio inaonyesha vizuri mfupa uliovunjika, lakini haifai kupima upungufu wa madini. Mfupa unaweza kupoteza karibu theluthi moja ya madini yake kabla picha hiyo haijaonyesha tofauti iliyo wazi. Ndiyo sababu kikatengenezwa kipimo cha pekee.

Siku ya kipimo

Mashine inafanana na meza ndefu yenye godoro jembamba, na juu yake kuna mkono wa chuma unaopita polepole. Hakuna bomba la kuingia ndani, na mtu anayeogopa mahali pa kufungwa hana sababu ya wasiwasi. Kwa kawaida hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi, na mtu hahitaji kulala njaa.

Mashine inapitisha miale ya radio ya nguvu mbili tofauti. Mfupa unaizuia kwa kiasi kimoja, nyama na mafuta kwa kiasi kingine, na kompyuta inapiga hesabu ya madini yaliyomo. Miale yenyewe ni kidogo sana, chini ya ile ya picha ya kifua. Inalingana na ile ambayo mwili wa kila mtu unapokea kutoka ardhini na angani kwa siku moja au mbili tu. Hata hivyo, mama mwenye mimba, au anayefikiri huenda ana mimba, aseme mapema ili kipimo kiahirishwe.

Kuna mambo machache ya kuandaa:

Kama unameza vidonge vya kalsiamu, acha kuvimeza kwa saa 24 kabla ya kipimo. Kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni kinaweza kuonekana mbele ya mfupa wa mgongo na kuharibu hesabu.

Kama siku za karibuni ulinywa au ulichomwa dawa ya kung'arisha picha hospitalini, mwambie anayekupima. Huenda akakuomba usubiri kama wiki mbili.

Vaa nguo isiyo na chuma. Zipu, mkanda, vifungo vya chuma na kulabu za sidiria vinaleta kivuli. Mama aliyefunga funguo kwenye ncha ya kikwembe azifungue. Na jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema: shanga za kiunoni. Zinakaa palepale mashine inapoangalia, mgongoni chini na kwenye nyonga. Ni afadhali kuzivua nyumbani kuliko kuambiwa mezani.

Ukishalala mezani, anayekupima ataweka miguu yako juu ya sanduku laini ili mgongo ulale bapa. Kisha, kwa ajili ya nyonga, ataugeuza mguu mmoja kidogo kwa ndani na kuufunga kwenye kifaa ili usisogee. Kwa mtu mwenye maumivu ya nyonga hapo panaweza kusumbua kidogo, basi aseme. Kazi yako ni kutulia. Unaweza kuombwa ushike pumzi kwa sekunde chache. Kama nyonga zote mbili zina chuma cha upasuaji, au uzito wa mwili unaipita meza, wanaweza kupima mkono badala yake.

Kazi yote inachukua dakika 10 hadi 20. Unavaa, unarudi nyumbani kwa miguu yako, na unaweza kufanya kazi siku hiyohiyo.

Maswali ambayo watakuuliza yana uzito sawa na mashine. Uliwahi kuvunjika mfupa ukiwa mtu mzima, na ulianguka namna gani? Hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi? Baba au mama alivunjika nyonga? Unameza dawa gani? Wengine wanaficha majibu kwa haya, na hapo kipimo kinapoteza nusu ya faida yake.

Namba yenye alama ya kutoa

Karatasi ya majibu ina picha za mifupa, rangi za kijani, njano na nyekundu, na namba nyingi. Namba inayoangaliwa kwanza inaitwa T. Inalinganisha mfupa wako na ule wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka yake mwaka 1994. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2,5 mfupa umepungua, ila haujafikia ugonjwa. Kwenye -2,5 au chini zaidi, hiyo ni osteoporozi. Kila namba moja inayoshuka, hatari ya kuvunjika inakaribia kuongezeka mara mbili.

Namba nyingine inaitwa Z. Inakulinganisha na watu wa umri wako. Hiyo ndiyo inayotumika kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi na kwa wanaume wenye umri chini ya miaka 50. Ikiwa -2 au chini, muganga anatakiwa atafute sababu iliyojificha: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ugonjwa wa figo au wa matumbo, dawa fulani, au njaa ya muda mrefu.

Hapa msomaji wa Congo ana haki ya kuuliza: ninalinganishwa na kijana gani? Kwa kipimo cha nyonga, kawaida iliyokubaliwa kimataifa inatumia wanawake weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29. Kipimo kimoja kwa wote kinasaidia waganga wa nchi mbalimbali kuelewana, lakini hakielezi kila kitu kuhusu mwili wa mama wa Uvira au wa Kolwezi. Watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia waliona jambo la kushangaza: wanawake wazee walikuwa na madini machache mifupani kuliko wanawake wa Uingereza, lakini waliovunjika kwa sababu hiyo walikuwa wachache sana. Madini ni sehemu ya nguvu ya mfupa. Kuna pia umbo la mfupa, nguvu ya misuli, uzito wa mwili, na mara ngapi mtu anaanguka.

Wala tusidhani kwamba mtu mweusi hapati ugonjwa huu. Afrika Kusini waganga wameandika habari za watu weusi waliovunjika nyonga. Ni wachache kuliko weupe, lakini wapo. Na kadiri watu wa miji wanavyoishi miaka mingi zaidi na kutembea kidogo, nao wataongezeka.

Namba yenyewe inaweza pia kudanganya. Mzee mwenye mgongo uliokauka kwa ugonjwa wa viungo anaweza kuonekana ana mfupa mzuri, kwa sababu mashine inahesabu hata vinundu vilivyoota pembeni. Pingili iliyopondeka nayo inaonekana nzito, kwa kuwa madini yake yamebanwa pamoja. Kwa hiyo usiisome karatasi peke yako ukiwa kwenye taxi. Isome pamoja na muganga.

Nani anakihitaji?

Miongozo ya nchi nyingi inataja wanawake kuanzia miaka 65, na mingine inaongeza wanaume kuanzia miaka 70. Kabla ya umri huo, kipimo kina maana kwa mwenye sababu ya pekee. Ni mtu aliyevunjika kwa anguko dogo. Ni mama ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa mayai kwa upasuaji. Ni mtu mwembamba sana, mvutaji wa sigara, mnywaji wa pombe kali kila siku, au mtu ambaye mzazi wake alivunjika nyonga. Ni pia mwenye ugonjwa wa baridi yabisi unaoharibu viungo.

Anayemeza dawa za virusi vya ukimwi zenye tenofoviri ajue kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza madini ya mfupa kwa kiasi fulani. Azungumze na muganga wake, lakini asiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Bila dawa, virusi vitamuua kabla mifupa haijamsumbua.

Kuna kundi moja ambalo kwetu lingepaswa kutajwa kwa sauti kubwa zaidi: watu wa kortizoni. Dawa za jamii hii, kama prednisoloni na deksametazoni, zinaokoa maisha ya mwenye pumu kali na magonjwa mengine, zikiandikwa na kufuatiliwa. Lakini katika masoko yetu zinauzwa pia kama vidonge vya kunenepesha, ili mashavu yajae na nguo ikae vizuri. Sindano na pomadi fulani za kung'arisha ngozi nazo zina dawa za jamii hiyo. Akizitumia miezi mitatu au zaidi, hata msichana wa miaka 25 anaweza kuanza kupoteza mfupa. Na asiache ghafla peke yake, kwa sababu mwili uliozoea kortizoni unaweza kuanguka vibaya. Aende kwa muganga, aseme ukweli, apunguziwe polepole.

Mashine ikiwa mbali

Mashine hizi si nyingi nchini mwetu, na kwa watu wengi wa mashariki na wa kusini safari ina gharama kuliko kipimo chenyewe. Hapo ndipo hesabu ya mbuzi inapoanza, na familia inapaswa kujua jambo moja: mtu mzee aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa anguko dogo, bila saratani au sababu nyingine, tayari ana jibu. Waganga wanakubali kuuita huo osteoporozi hata bila mashine. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu kwanza. Kumpakia katika gari siku mbili kwenye barabara mbovu ili aletewe namba kunaweza kumdhuru.

Kwa wengine, kuna hesabu inayoitwa FRAX, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na kutolewa mwaka 2008. Inauliza umri, uzito, urefu, mivunjiko ya zamani, dawa na mengineyo, kisha inakadiria hatari ya kuvunjika kwa miaka 10 ijayo. Inaweza kufanyika bila kipimo cha mashine. Muganga mwenye simu na intaneti anaweza kuitumia kama mwanga, huku akikumbuka kwamba ilijengwa kwa takwimu za nchi nyingine.

Na kuna kipimo cha bure kabisa: ukuta. Mzee aliyepungua urefu kwa zaidi ya sentimita 4 kuliko ujanani, au ambaye mgongo umeanza kupinda kama upinde, huenda pingili zake zimepondeka bila yeye kujua. Apigwe radio ya mgongo. Hiyo inapatikana katika hospitali nyingi, na inaweza kubadilisha matibabu mara moja.

Swali la kumuuliza muganga kabla ya safari ni hili: "Docta, majibu ya kipimo hiki yatabadilisha dawa utakayonipa?" Akisema ndiyo, basi tafuta namna. Akisema hapana, mbuzi abaki nyumbani.

Chuma cha kushika mkononi

Katika miji yetu kuna watu wanaozunguka na kompyuta ndogo na chuma cha kushika mkononi. Unakishika dakika moja, inatoka karatasi ya kurasa nyingi: figo, ini, macho, mishipa, na pia "mifupa yako imepoteza kalsiamu". Kisha unauziwa makopo ya unga na vidonge kwa dola nyingi. Chuma hicho hakipimi mfupa. Hakuna miale inayopita mwilini, na hakuna hesabu ya madini. Kipo kifaa kingine cha kweli kinachopima kisigino kwa mawimbi ya sauti. Hicho kinaweza kuonyesha nani yuko katika hatari, lakini chenyewe hakitoshi kusema mtu ana osteoporozi kwa mipaka ile ya -2,5.

Baada ya karatasi

Mwenye namba mbaya hajahukumiwa kifo. Dawa zipo. Inayojulikana sana ni alendronati, kidonge kimoja kwa wiki. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji, na mtu anakaa wima au anasimama nusu saa bila kulala wala kula, kwa sababu kikikwama kinachoma koo. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo au shida ya koo aseme kabla. Kipimo kinarudiwa kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili, inapowezekana kwenye mashine ileile, maana namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi ovyo.

Chakula cha mifupa kwetu hakiko mbali. Sambaza wa Kivu na ndagala wa Tanganyika, wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi. Sombe na lengalenga vinaongeza, maharagi yanaleta protini, na maziwa au jibini ya Masisi kwa anayeweza kununua. Bugali peke yake hajengi mfupa. Jua la asubuhi kwenye mikono na miguu linausaidia mwili kupata vitamini D, na mzee anayefungiwa chumbani siku nzima analikosa.

Kutembea kunaimarisha mfupa, lakini kubeba magunia kwa kamba ya kichwani, mgongo ukiwa umeinama, si mazoezi kwa mama ambaye pingili zake zimeanza kupondeka. Watoto wake wakubwa waelewe kwamba kumwondolea mzigo huo ni sehemu ya dawa. Vivyo hivyo na mambo madogo ya nyumbani: taa ya betri karibu na kitanda umeme ukikatika, ndoo ya usiku ili asitoke kwenye tope, mawe machache kwenye njia ya choo, viatu vyenye kisigino cha nyuma badala ya sapatu zinazoteleza, na macho yaliyopimwa. Mara nyingi nyonga haivunjiki kama mtu hajaanguka.

Tumrudie yule mama wa alfajiri. Fundi wa mifupa alifanya kazi yake, mkono ulipona. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa familia wa kusema: "Mama, anguko hili lilikuwa dogo sana kwa mkono kuvunjika. Twende tukaulize." Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyepita miaka 50 na aliyevunjika mfupa kwa kuteleza tu, usingoje anguko la pili. Mpeleke kwa muganga, beba majina ya dawa zote anazomeza, na uliza habari ya mifupa yake.